Jina Langu Katika Karatasi ya Wengine

Somoe mwanangu,

Nimekutuma Malolo kumuaga mjomba wako Rashidi, na nimekuambia usiondoke kwake mpaka uletewe chai, kwa sababu nilitaka nyumba iwe tupu. Utarudi magharibi. Barua hii nitaitia chini kabisa ya sanduku lako, ndani ya kanga yangu ya kijani, na najua hutaikuta mpaka uwe umeshafika Nachingwea. Hivyo ndivyo ninavyotaka. Ukiisoma hapa utatoa nguo moja moja sandukuni, utasema huendi tena, na mimi sina nguvu ya kugombana na wewe.

Habari za kufua, kula na kuamka mapema sitaandika. Una miaka kumi na tisa. Kama hujui kuosha sufuria mpaka leo, barua haitakufundisha.

Jambo ninalotaka kukuambia nalisema mwanzoni ili usihangaike kulitafuta. Nyumba hii tunatoka. Wewe unatoka kesho, mimi natoka mwisho wa mwezi huu. Bwana Mkumba mwenye shamba ameitaka nyumba yake na mikorosho yake. Aliahidi kwa maandishi kwamba nitakaa humu mpaka nife, na karatasi ya ahadi hiyo haijapotea. Ila haikuwa yangu. Nimechukua miaka kumi na miwili kulielewa hilo, na nimelielewa wakati halinisaidii kitu.

Nianze na babu yako Selemani, yaani mjomba wangu, kaka wa mama yangu. Ulikuwa darasa la tatu alipofariki, kwa hiyo wewe unamkumbuka kwa kofia na kikohozi tu. Kwetu Wamwera wa upande huu mjomba ndiye anayekusemea. Ukija kuposwa anajibu yeye, ukigombana na mumeo anaitwa yeye, mpaka wa shamba ukisogezwa anakwenda kuurudisha yeye. Mimi mpaka nafika miaka thelathini sikuwahi kujisemea jambo lolote kubwa, na sikuona kwamba nimepungukiwa. Nilijiona nimetunzwa.

Baba yako alipotuma wazee wake kuniposa, Mjomba aliweka sharti kwamba nisihamishwe Chinongwe, maana bibi yako alikuwa mgonjwa na wa kumuuguza nilikuwa mimi. Mkubwa wa upande wa pili akakubali mbele ya watu. Mimi nilikuwa chumba cha ndani, nasikia kila neno kupitia ukuta wa udongo. Sikuulizwa, wala sikutarajia kuulizwa. Mwaka haujaisha baba yako akataka kunipeleka Mbwemkuru kwenye mashamba ya ndugu zake. Nikamwambia Mjomba. Akavaa viatu, akaenda kwa yule mzee, wakakaa kidogo, akarudi, jambo likaisha. Baadaye baba yako alikwenda Mbwemkuru peke yake na akaoa hukohuko, kwa sababu sharti lilisema mimi nisihamishwe, halikusema yeye asihame. Nimelicheka hilo miaka mingi. Licheke na wewe kidogo kabla hatujafika mbele.

Nililojifunza siku zile ni kwamba ahadi aliyopewa Mjomba kwa ajili yangu ni mali yangu. Nilijifunza vibaya. Ahadi ile ilifanya kazi kwa sababu Mjomba alikuwa hai, ana miguu ya kwenda nayo na uso ambao watu waliuonea haya. Ilikuwa yake tangu mwanzo, mimi nilikuwa nafaidi tu. Lakini mtu akifaidi kitu muda mrefu anasahau kuuliza ni cha nani.

Sasa shamba. Ugonjwa wa sukari ulipomharibu Mjomba mguu, hospitali ikawa haina mwisho, na yeye hakuwa na kitu cha kuuza isipokuwa mikorosho hii. Bwana Mkumba alikuwa bado mgeni hapa, amekuja na biashara ya ufuta, kijana mwenye heshima anayesalimia hata watoto. Mjomba alikubali bei ya chini kuliko shamba lilivyostahili, kwa sharti moja. Sharti hilo likaandikwa kipengele cha tatu: kwamba mpwa wake Asha ataendelea kukaa katika nyumba iliyomo shambani, na ataokota korosho za safu nne za upande wa mto, maisha yake yote. Bwana Mkumba akasema hilo halina uzito kwake, hata safu sita angekubali. Kwa hiyo uelewe, safu zile nne hazikuwa sadaka. Mjomba alizilipia kwa kupunguza bei yake mwenyewe, na mguu unamuuma.

Tulikwenda ofisi ya kijiji. Mtendaji wa wakati ule alikuwa mzee mpole, miwani imefungwa uzi sikioni. Alisoma karatasi yote kwa sauti, na kila Kiswahili kilipokuwa cha kiofisi mno alisimama akamfafanulia Mjomba kwa Kimwera. Mjomba akaweka dole gumba. Bwana Mkumba akatia sahihi. Mashahidi wawili wakatia. Mimi nilikuwa nimekaa mkekani karibu na mlango, nimekuja kwa ajili ya kumshika Mjomba mkono njiani tu. Mtendaji akaninyooshea kalamu.

"Na wewe mama, umetajwa humu," akasema. "Njoo utie sahihi chini ya mjomba wako."

Somoe, najua kuandika. Nilimaliza darasa la saba nikiwa na mwandiko ambao mwalimu alikuwa akiwaonyesha wengine. Ningesimama, ningepiga hatua tano, ningeandika jina langu, nikarudi mkekani. Nikasema:

"Mjomba ameshaweka dole lake. Langu la nini tena?"

Watu wakafurahi. Shahidi mmoja akasema huyu amelelewa. Mjomba alinyoosha mgongo, na kwa mtu aliyekuwa na maumivu yale halikuwa jambo dogo. Kwetu ukiweka jina lako chini ya jina la mjomba wako unamwambia mbele ya watu kwamba yeye hatoshi, kwamba unamchunga. Nilirudi nyumbani najiona binti wa maana na nilijiona hivyo wiki nzima. Kama kuna siku ninayoichukia katika maisha yangu, si siku niliyoachika wala siku niliyomzika mama. Ni ile siku niliyosifiwa.

Nisimsingizie Bwana Mkumba. Mjomba alipokuwa hai, na miaka mingi baada ya hapo, alitimiza. Wakati wa kupulizia dawa mikorosho vijana wake walipulizia na safu zangu bila kuniuliza. Hukuvaa sare ya kuazima hata mwaka mmoja, na korosho zile ndizo zilizokuvisha. Nilimwombea dua. Halafu barabara ikachongwa, malori yakaanza kupita, na shamba lililokuwa porini likawa mahali pa kujenga ghala. Akaja mwenyewe, akakaa kwenye kigoda pale barazani, akaongea kwa adabu ileile. Nikamwambia karatasi ipo.

"Ipo, mama," akasema. "Lakini ile ni ya mimi na marehemu."

Nilidhani ananidharau. Nikapiga moyo konde, nikaenda kwa mtendaji wa sasa, yule kijana aliyehamishiwa hapa kutoka bara. Akaitoa karatasi kwenye faili na kipengele cha tatu kilikuwepo neno kwa neno, jina langu limo. Nikaona nimeshashinda. Akanishauri niende Ruangwa kwa msaidizi wa sheria, ambaye alikuwa dada mdogo tu, angeweza kuwa wewe miaka michache ijayo. Alisoma mara mbili. Aliniuliza kama kuna mahali popote nimetia sahihi. Nikamwambia nilikuwepo, nilisikia kila kitu. Akasema kuwepo si kuingia. Akanieleza polepole kwamba mkataba ni wa wale waliofungana ndani yake. Wao wakitaka wanaweza kumpa manufaa mtu wa nje, lakini yule wa nje akinyimwa, hawezi kwenda mahakamani kudai kwa jina lake, kwa sababu hakuna aliyemwahidi yeye. Mkumba alimwahidi Mjomba. Aliyevunjiwa ahadi ni Mjomba.

Nikamuuliza, "Na anayelala nje ni nani?"

Akarekebisha hijabu yake, akasema hilo sheria inalijua lakini si mimi ninayeweza kuiuliza. Sikumkasirikia. Alisema pengine wakili mkubwa wa Lindi angeona upenyo, ila yeye hauoni na hataki kunipa matumaini ya uongo. Akabakiza mlango mmoja: aliyesimama mahali pa marehemu, yaani msimamizi wa mirathi yake, huyo anaweza kumdai Mkumba atimize.

Nilitoka pale karibu nikimbie. Msimamizi ni mjomba wako Rashidi, tumenyonya ziwa moja. Katika kikao cha ukoo nilikuwa wa kwanza kusema awe yeye, na mahakama ya mwanzo ikampitisha. Nilifika Malolo bado nina vumbi usoni, nikamweleza. Alisikiliza vizuri, akasema nimpe muda. Nilikwenda tena akaniambia mambo haya yanataka busara. Mara ya tatu nikamkuta anapakia magunia ya ufuta kwenye lori la Bwana Mkumba, nikaelewa. Mkumba ndiye anayenunua ufuta wake, ndiye anayemwazima pampu ya kupulizia. Rashidi si mtu mbaya. Ni mtu anayetaka kuelewana na kila aliye hai, na Mjomba hayuko hai.

Yule dada wa Ruangwa aliniambia naweza kuomba mahakama imwondoe Rashidi kwenye usimamizi. Nikaanza kuzungumza na wazee wa ukoo. Wote walinipa jibu moja, kwamba mtu hamshitaki ndugu yake kwa ajili ya miti. Nikawauliza nyumba nayo ni mti? Wakasema Asha umeanza kuwa mkali, hukuwa hivi. Kweli sikuwa hivi. Laiti ningekuwa hivi siku ile ya kalamu.

Sasa nifike kwenye lile lililonifanya niandike. Ulipoambiwa mwezi uliopita kwamba umepata nafasi chuo cha ufundi Nachingwea, kusomea umeme, na kwamba mjomba wako amekutafutia mfadhili, ulipiga vigelegele mpaka kuku wakatawanyika. Uliniuliza mbona mama hufurahi. Nikasema kichwa kinauma. Mfadhili huyo ni Bwana Mkumba. Yeye na Rashidi walikaa ofisini wakaandika karatasi mpya. Rashidi, kwa niaba ya marehemu, amemwachia Mkumba kipengele cha tatu, hadaiwi tena. Na Mkumba ameahidi kukulipia chuo mpaka umalize, na kukupa chumba kwa dada yake pale Nachingwea mjini. Mimi niliambiwa kesho yake. Wanaruhusiwa, niliuliza. Wawili waliofunga, au anayesimama mahali pao, wanaweza kufungua, na wa nje hana la kusema.

Nilikwenda Malolo nimejaa hasira. Nilimwambia Rashidi maneno ambayo sitayaandika, ujue tu kuwa hayakuwa mazuri. Akaniacha nimalize. Halafu akasema:

"Dada, wewe na mikorosho mmeshazeeka pamoja. Mtoto je?"

Jibu nimelitafuta tangu siku hiyo na bado sijalipata, na ndiyo maana nakunyima ukweli mpaka uwe mbali. Ningeweza kukuambia hapahapa, ungekataa, karatasi yao ingekosa maana, lakini safu zangu zisingerudi kwa hilo. Tungekaa wawili barazani kwa watu badala ya mmoja. Kwa hiyo nimenyamaza, nimekushonea mto, nimewapikia wali siku walipokuja kukupongeza. Nilimpa Bwana Mkumba paja la kuku. Ukiniuliza kama nimekubali au nimelazimishwa nitakuambia sijui tena tofauti yake.

Lakini umeona mahali ulipo? Umetajwa kwenye karatasi ya watu wawili. Umo, jina lako kamili, na hukutia hata nukta. Bwana Mkumba akichoka muhula wa pili, au ufuta ukishuka bei, au akigombana na Rashidi kwa jambo lisilokuhusu, utaambiwa ada haijalipwa, na ukienda kudai utaulizwa swali nililoulizwa mimi. Anayeweza kukudaia ni Rashidi. Wewe umemjua Rashidi leo.

Usidhani sikujaribu. Juzi nilipokuaga nakwenda kuuza kunde Ruangwa sikwenda kuuza kunde. Nilikwenda kwa mtendaji nikamwomba uongezwe kwenye karatasi, utie sahihi kama mhusika, uweze kudai mwenyewe. Akasema ni jambo zuri sana ila lazima wale wawili wakubali. Nikaenda dukani kwa Bwana Mkumba. Alinitolea kiti, akanifungulia soda kwa mkono wake. Nikamweleza ninachotaka, nilikuwa nimekipanga njia nzima. Akatabasamu, si kwa ubaya, akasema:

"Mama Somoe, kwani huniamini?"

Mwanangu, mtu huyu ananitoa ndani ya nyumba. Amesimama mbele yangu, ananitoa ndani ya nyumba, na ananiuliza kama simwamini. Neno moja tu lilitakiwa, na kila mtu aliyekuwa dukani angenielewa. Nikashika ile soda. Nikasema, "Nakuamini, Bwana." Nikainywa yote ili nisionekane nimekasirika, nikashukuru, nikatoka.

Ndiyo maana sina wasia wa kukupa. Wasia ungekuwa uweke jina lako mwenyewe, lakini hakuna aliyekunyooshea kalamu. Mimi nilinyooshewa nikaikataa, wewe umenyimwa, na yote mawili yamefika palepale. Na hata ukinyooshewa siku moja, kazini au kwa mume au kwa mwenye nyumba, utakuta watu wanaokupenda wamekaa pembeni wanangoja kuona kama una adabu. Hilo ndilo gumu, si kuandika. Kunifundisha mimi hawakuhitaji fimbo, walinisifu tu. Sijui mtu anafanyaje ili asitamani kusifiwa. Mimi nina miaka arobaini na sita na juzi nimeshindwa tena.

Labda hili moja. Yale utakayoshika kwa mikono yako darasani, waya upi unakwenda wapi, hayo hayaandikwi kwenye karatasi yao. Shika haraka. Usisubiri mwaka wa pili kuuliza usichoelewa, maana sijui kama upo mwaka wa pili. Najua fundi wa nusu hapewi kazi na mtu. Nakuambia hivyo hivyo kwa sababu ndicho nilicho nacho.

Ukikutana na Rashidi kesho asubuhi msalimie kama kawaida, atakuwa amekuja kukusindikiza. Bado hujaisoma hii, kwa hiyo utamsalimia vizuri na utamshukuru, na mimi nitakuwa nimesimama pale nasikia. Usije ukajilaumu baadaye. Mshukuru tu. Siku utakayokwama ndiye peke yake atakayeweza kukufungulia mdomo, na hatakufungulia kama umemkosea. Hata hasira yangu, Somoe, siwezi kukurithisha. Ingekupotezea chuo.

Rashidi amenipa chumba cha nyuma kwake, karibu na jiko. Nimemwambia nitafikiri. Shoga yangu Mama Hadija wa Mbwemkuru naye amesema nikae kwake mpaka palizi iishe, na baada ya hapo hakusema. Sijaamua. Nguo zangu ni chache, vyombo nitaviacha kwa jirani, na kaburi la bibi yako limo ndani ya shamba, sijui nitaomba ruhusa ya nani kulitembelea.

Kuna jambo la mwisho, la kawaida. Jana uliponipa fomu ya chuo niitie sahihi ya mzazi, niliona kwenye makazi ya mzazi umeandika Chinongwe, na pale wanapouliza wakati wa likizo utakuwa wapi umeandika nyumbani. Niliishika kalamu muda mrefu ukafikiri natafuta miwani. Nilitia sahihi. Ndiyo karatasi ya kwanza katika maisha yangu niliyotia sahihi kwa hiari yangu, na nilijua wakati naandika kwamba lililoandikwa juu yake si kweli. Usilifute. Likizo ikifika, wenzako wakianza kufunga mizigo, nipigie kwanza.

Mama yako,
Asha